Jicho la Kizuka

Walinifunika shela la kijani usoni, wakalifunga fundo kisogoni, na kutoka hapo dunia nikawa naijua kwa masikio. Nilisikia punda akipumua. Nilisikia nguo za wanawake zikiburuzika juu ya changarawe. Na chini ya yote hayo nilisikia mlima ukichemka, kama chungu kikubwa kilichosahauliwa jikoni.

Mkono wangu wa kulia alinishika Hind, mke wa shemegi yangu. Wa kushoto alinishika mama mkwe wangu, Bi Shaikha. Mbele yetu palikuwa na shimo la maji ya moto, na ng'ambo ya shimo alisimama Suud, mdogo wake marehemu mume wangu, akinisubiri nifunuliwe uso. Macho yangu yakianza kumwangukia yeye, basi mimi ni mkewe. Ndivyo ilivyokuwa mila ya kijiji kile, na kijiji kizima kilikuwa nyuma yetu kinangojea.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mjane niliyemaliza eda juzi yake tu, kizuka kama tunavyosema sisi watu wa Unguja. Sikuwa na nia hata chembe ya kumwona Suud.

Nirudi nyuma kidogo. Mume wangu Thani alikufa kwa homa huko Mutrah, mji wa bandari wa Oman, mwisho wa Agosti mwaka 1968. Nilimpenda. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani kuwa haya ninayoyasimulia ni maneno ya mwanamke aliyefurahi kuachiwa njia. Tulilelewa nyumba moja Unguja, kwani alikuwa mtoto wa ami yangu na baba yangu ndiye aliyemlea, na hata tulipooana niliendelea kugombana naye juu ya nani ale ukoko wa wali. Tulikuja Oman mwaka 1964, baada ya mambo ya kule, na masanduku mawili na cherehani. Yeye akapata kazi ya ukarani katika bohari la mfanyabiashara mmoja bandarini. Mimi nikapata ua.

Ua huo ndio uliokuwa mali yangu. Unguja nilikuwa mwalimu, na mwalimu mzuri, sitajifanya mnyonge. Mutrah ya siku zile haikuwa na skuli ya wasichana hata moja. Mwanamke mmoja tuliyesafiri naye akaniletea binti yake nimsomeshe, asije akasahau kidogo alichokuwa nacho. Wa pili akaona wivu. Mara ua ukajaa, na si wa kwetu tu: walikuja na mabinti wa majirani ambao Kiswahili hawakijui, tukasoma Kiarabu na hesabu. Waliandika kwa makaa juu ya mbao za makasha ya chai. Kila mmoja alikuwa na kofia ya kushona mapajani, ili mtu akiingia aone wasichana wenye adabu wanajifunza kudarizi. Palikuwa na kofia moja iliyoshonwa miaka mitatu na haikupata kwisha. Thani akirudi kazini alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, na kikohozi chake kilikuwa kikubwa kuliko kifua chake.

Wale wasichana leo ni wakubwa. Skuli zilipofunguliwa mwaka 1970 waliingia madarasani wakiwa wanasoma kama maji, na waliowapokea wakashangaa wamejulia wapi. Mimi sikushangaa.

Lakini mwaka ule wa 1968, Thani amelala kaburini na mimi nimekaa eda, mambo yote hayo yalikuwa yananing'inia kwenye uzi. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Kaka yangu mmoja yuko Cairo, mmoja sijui yuko wapi. Oman nzima sikuwa na mtu isipokuwa watu wa Thani, na watu wa Thani walikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa Hail Humaim, nyuma ya milima mnayoiona mkisimama Maskati.

Bi Shaikha aliteremka kutoka huko kuja kukaa na mimi. Ujanani aliishi Wete, Pemba, na marehemu mume wake, yule ami yangu. Waliporudi Oman walimwacha Thani, mtoto wao wa kwanza, kwa baba yangu, na Suud akazaliwa hukohuko mlimani. Kiswahili chake kilikuwa cha Wete ya zamani, kitamu. Alinipikia uji, alinitia mafuta nywele, alinifunika nilipolia. Alikuwa na mapenzi ya kushika, ya mtu ambaye kimoja kimemponyoka na cha pili hataki kukiachia.

"Mwanangu," aliniambia siku moja baada ya laasiri, "mimi mwana mmoja nshamzika. Wewe nnakutaka ubakie mkononi mwangu. Suud yupo."

"Suud ana mke, Mama. Na mimi nitabaki kuwa mwanao, hata nikiwa hapa Mutrah."

"Mwana wa mbali ni salamu tu."

Kuolewa na Suud kungekuwa kwenda kuishi mlimani, na ua wangu kufungwa, na wale wasichana kurudi kushona kofia kwelikweli. Nilijua vilevile kwamba mjane huulizwa na hujibu kwa ulimi wake mwenyewe. Baba yangu alikuwa mtu wa vitabu na alinifundisha haki zangu kabla ya kunifundisha kupika. Basi nikamwambia Bi Shaikha kwamba eda ikimalizika nitaulizwa, na nitajibu. Hakubisha. Alisema tu kwamba kwanza nikatolewe kizuka kwao, kama walivyotolewa wajane wote wa nyumba ile.

Nikakubali bila ya kufikiri. Hapo ndipo Uunguja wangu uliponiponza. Kwetu kumtoa kizuka ni kumwosha, kumvisha nguo mpya, kumfukiza udi, watu wakala wakaondoka. Nikasema moyoni, mlima na uwe mlima, kuoga ni kuoga.

Tulipanda Januari. Mfanyabiashara aliyekuwa tajiri wa Thani alitupa Land Rover yake na dereva. Tulipita Wadi Kabir, ambayo leo ni gereji kwa gereji, na siku zile ilikuwa mawe na mbuzi. Gari lilituchukua mpaka lilipochoka, na hapo tukamkuta Hind na punda. Alikuwa mwanamke mwembamba, rika langu, aliyejifunza Kiswahili kwa mama mkwe na mume wake. Bi Shaikha akatangulia mbele, sisi wawili tukawa nyuma. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyozidi kuwa kali, na mimi niliyezaliwa Malindi ya Unguja mjini sikuwa najua kuwa pua inaweza kuuma.

"Suud amekwisha nunua kilemba kipya," alisema Hind.

"Cha nini?"

Akanitazama. "Dada, hujaambiwa?"

Akaniambia basi, polepole, huku akitazama masikio ya punda wake. Huku kwao jicho la kizuka ni zito. Mjane hufunikwa uso kabla ya jua, akapelekwa kwenye maji ya moto, akaoshwa, akafunuliwa mbele ya Fawara, shimo lile kubwa. Cha kwanza anachokiona ndicho kinachobeba nuksi yake. Wengine huwekewa mbuzi, wengine jiwe. Lakini akitokea mwanamme wa ukoo akasimama mwenyewe mbele ya jicho lile, huyo amejitolea kuubeba uzito, na mjane ni wake.

"Na nikisema simtaki?"

"Utasema. Hapana atakayekuziba mdomo. Lakini yeye atakuwa kabeba nuksi ya bure, na atabaki nayo. Hapana atakayemwozesha mtoto wake kwa watoto wetu. Hapana atakayekula naye sahani moja."

"Nikifumba macho?"

"Watasubiri. Watu wa huku wana subira."

"Na Suud mwenyewe anataka?"

"Mama yake kamwambia asimame. Suud hajapata kumwambia mama yake la." Akampiga punda fimbo, na punda hakuwa amemkosea. "Mimi nna vyumba viwili na watoto watatu. Nitakupa kimoja."

Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma, na zaidi nilikasirika. Wangenitisha ningejua la kufanya, maana maji ya moto hayachomi nyumba. Lakini hakuna aliyenitisha. Walinifungia mlango kwa wema, na ufunguo ukawa ni jina la mtu asiye na kosa.

Usiku nililala chumba kimoja na Hind na watoto wake. Kabla ya kulala alinieleza mahali penyewe, kama anavyoelezwa mgeni wapi pana utelezi. Kando ya Fawara kuna vishimo vidogo vingi, akasema, na hivyo havinyamazi, vinanung'unika mchana na usiku. Vikinyamaza, mtu arudi nyuma asiulize kwa nini. Ni Fawara inataka kuruka, maji yake yapande juu.

"Huruka saa ngapi?"

"Inapotaka. Mara alfajiri, mara mchana, na siku nyengine haina haja na mtu."

Alizima taa. Mimi nilibaki macho, nalitia lile neno ulimini kama peremende.

Baada ya sala ya alfajiri wakanifunga shela. Kwanza waliniosha katika kijito cha chini, Bi Shaikha akinisugua nywele kwa majani ya mkunazi, na maji yale yalinuka kiberiti na yalikuwa na moto wa kupendeza, nikasikitika kutoka. Wakanivisha. Wakanipandisha taratibu juu ya mwamba, Hind akiniambia hapa jiwe, hapa teremka, hapa simama. Baridi ilirudi mara moja. Kando yangu vile vishimo vilikuwa vinazungumza, kila kimoja kwa sauti yake: kimoja kinapumua, kimoja kinatafuna, kimoja kinapigapiga kama kifuniko cha birika. Nikavipa heshima vyote.

Nyuma, mzee mmoja aliwaamrisha wanaume wageuke. Nikasikia viatu vikigeuka. Ng'ambo, Suud akasafisha koo.

Nikahisi vidole vya Bi Shaikha kwenye fundo.

"Mama," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "kabla sijafunuliwa nnataka kumsomea Thani Yasini."

Nani atakataa? Hayupo Mwislamu wa kukataa. Vidole vikaondoka. "Soma, mwanangu," akasema.

Nikasoma. Nilikuwa na Yasini kifuani tangu utotoni, na asubuhi ile niliisoma kama mwanafunzi mbele ya sheikh mkali, kila mvuto nikaupa haki yake, kila kituo nikakitua. Masikio yangu yalikuwa kwenye vishimo. Havikuonyesha dalili yoyote. Nikaendelea, na sauti yangu ikaenda ikarudi kwenye miamba, na mahali fulani katikati nilisahau vishimo. Nilimkumbuka Thani akikohoa mlangoni. Miezi minne na siku kumi nilikuwa nimelia kwa ajili yangu, nitakuwaje na nitakwenda wapi. Pale juu ndipo nilipomlilia yeye, kijana wa miaka thelathini na moja aliyependa ukoko. Nilisoma huku machozi yanalowesha shela kwa ndani, na wanawake nyuma yangu nao wakaanza kulia, na sikuwa tena na hila yoyote.

Ilikuwa aya chache kabla ya mwisho nilipotambua kwamba najisikia mwenyewe mno. Kile kilichokuwa kinapigapiga kimeacha. Kile kinachotafuna kimeacha. Nikamalizia sura, nikamwombea dua, watu wakaitika amin, na baada ya amin hapakuwa na kitu. Hata punda hakupumua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu wetu, na mimi nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi darasani bila ya kulijua.

Vidole vya Bi Shaikha vikarudi kisogoni. Vikavuta huku, vikavuta kule.

"Fundo limekaza," akasema.

Hind akanirudisha nyuma hatua mbili, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Shela likaanguka. Nikafungua macho, na cha kwanza nilichokiona asubuhi ile, baada ya miezi yote ile ya kutazama kuta, ni maji yaliyosimama wima. Yalikuwa meupe na marefu kupita mnazi, na jua lilikuwa ndiyo kwanza limeyafikia juu, kileleni yana dhahabu na chini bado ni usiku. Yalinguruma. Matone yaliniangukia usoni yakiwa yamekwisha poa. Sikuona Suud, sikuona mlima, sikuona chochote kingine, na laiti ningeambiwa nichague katika viumbe vyote vya Mungu nani abebe uzito wangu, nisingechagua chengine.

Kisha Fawara ikashuka, ikazama, na mvuke ukaanza kupeperuka. Suud alikuwa palepale aliposimama, amelowa chapachapa, kilemba kipya kimemteremkia sikioni. Vishimo vidogo vikaanza kunung'unika tena, kimoja kimoja.

"Kaona nini?" akauliza yule mzee, bado katupa mgongo.

"Kaona maji," akajibu Bi Shaikha.

Mzee akafikiri. "Basi maji yamebeba. Na maji hayana mke."

Watu wakacheka, kwa adabu kwanza, halafu bila ya adabu. Suud alivua kilemba, akakikamua kwa mikono miwili, akazunguka shimo akaja mpaka mbele yangu. Alikuwa na uso wa Thani, mrefu zaidi kidogo. "Shemegi," alisema, "karibu tukale." Shemegi. Niliisikia pumzi aliyoitoa pamoja na neno lile, na nilijua kwamba sikuwa peke yangu niliyefunguliwa.

Tulikula mkate na asali na samli. Nilikula kupita kiasi.

Wakati wa kushuka nilikuwa juu ya punda kama amiri jeshi. Bi Shaikha alitusindikiza, yuko mbele anatembea kwa miguu, hataki kupanda. Nilimwinamia Hind nikamnong'oneza: "Tumewaweza."

"Tumemweza nani?"

"Wote. Mimi na wewe. Hapana aliyefahamu."

Hind alinitazama kwanza kuona kama namtania. Kisha akacheka, kicheko cha chini, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Dada, huku mtoto akianza kutambaa hufundishwa kile kimya kabla ya kufundishwa jina la baba yake. Hata mbuzi wanakijua."

Punda aliendelea kutembea. Mimi nilikaa juu yake na ushindi wangu ukawa unanivuka kidogo kidogo. Wazee wale waliotupa migongo walikuwa na masikio. Wanawake waliokuwa wanalia walikuwa na masikio. Suud angeweza kupiga kelele, angeweza kuzunguka shimo akaja mbele yangu kabla, na hakuna ambaye angemlaumu. Watu wote wale walisimama kwenye kimya kile wakijua kinakuja nini, na hakuna aliyetikisika wala kusema neno. Kwanza niliona uchungu, nasema kweli, kama mtoto aliyegundua kuwa ameachiwa ashinde mchezo. Halafu uchungu ukaondoka, nikaona haya, halafu haya nazo zikaondoka. Sikupata jina la kilichobaki.

Land Rover ilikuwa inasubiri chini, dereva amelala. Bi Shaikha alinifungia tende katika kitambaa, akaniwekea kitini, akanitengeneza mtandio shingoni kama naenda safari ya mwezi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimshika mikono.

"Mama," nikamuuliza, "vile vishimo viliponyamaza, ulisikia?"

Mwanamke huyu, miezi yote ya eda, alikuwa akinigombeza kutoka chumba cha pili nikifunua ukurasa wa kitabu wakati wa kulala.

"Mimi nna masikio mabovu, mwanangu," akasema, na akamwamsha dereva.